Mlinzi wa Jadi na Mlinzi wa Amani: Historia ya Majina Mawili katika Shinyanga na Geita

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania kuna majina mawili ya dhamana yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa asili. La kwanza ni mlinzi wa jadi. La pili ni mlinzi wa amani. Yote mawili yana kichwa kimoja, yaani nomino mlinzi iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi linda. Yote mawili humhusu pia mtu asiye askari wala mwanasheria, aliyekabidhiwa utulivu wa wenzake. Lakini mlinzi wa jadi hupata dhamana yake katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaomjua tangu utoto, ilhali mlinzi wa amani huipata kwa mamlaka ya sheria iliyotungwa na Bunge. Wa kwanza hushika upinde, wa pili hushika kalamu.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya majina hayo mawili katika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja yake kuu ni kwamba swali la nani amteue mlinzi halijawa swali la utawala peke yake katika sehemu hizo. Limekuwa swali la uhai wa mtu aliyekamatwa. Na kwa kiasi ambacho wanahistoria wa sheria hawajakisisitiza vya kutosha, limekuwa swali la lugha.

Jina la mlinzi wa amani

Dhamana ya mlinzi wa amani ilitoka Uingereza, na historia yake huko ni ndefu. Mwaka 1195, katika utawala wa Mfalme Richard wa Kwanza, watu wa tabaka la wapiganaji wa farasi walipewa kazi ya kuwaapisha raia wote kwamba watailinda amani ya mfalme. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ikawataka wanavijiji wapige yowe wanapomwona mhalifu na kumfuata kwa pamoja hadi akamatwe. Kwa karne nzima na zaidi walioisimamia kazi hiyo walijulikana kama walinzi au watunzaji wa amani. Ni mwaka 1361, chini ya Edward wa Tatu, ndipo sheria ilipowapa mamlaka ya kusikiliza mashauri na kuadhibu, na jina lao likabadilika. Ulinzi ukatoka katika jina, haki na uamuzi vikaingia. Walibaki, hata hivyo, kuwa raia wa kawaida wasiolipwa mshahara, na hivyo ndivyo walivyo wengi wao hadi leo.

Dhamana hiyo ilipoingia katika sheria za Tanganyika huru, Kiswahili kingeweza kuifuata Kiingereza neno kwa neno na kupata hakimu wa amani au mwamuzi wa amani. Hakikufanya hivyo. Jina lililokubalika, mlinzi wa amani, linalingana zaidi na jina la kale la karne ya kumi na tatu kuliko lile lililoshika nafasi yake. Lina faida nyingine pia: linamweka mwenye dhamana mbali na kiti cha hukumu. Msikilizaji wa Kiswahili anayelisikia hatarajii kuhukumiwa, hutarajia kulindwa. Kama matarajio hayo yametimizwa ni jambo linalofaa kuchunguzwa.

Neno amani nalo lina historia yake. Asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya usalama anaopewa mtu aliyeomba hifadhi, hata kama ni mgeni au adui. Kisukuma, lugha ya wengi katika Shinyanga na Geita, kina neno mhola, ambalo ni amani na pia ni jibu la salamu. Mzizi wake unahusiana na ule unaozaa poa, pole na pona katika Kiswahili. Kwa mantiki ya neno hilo amani ni kupoa: ni hali ya kitu kilichokuwa na moto na sasa kimetulia, au cha mgonjwa aliyepata nafuu. Kwa hiyo mlinzi wa amani anapoingia Usukuma hukutana na dhana mbili: hifadhi ya mtu mmoja mmoja na kupoa kwa jamii nzima. Dhana hizo hazipatani kila mara. Jamii inaweza kudhani kwamba itapoa kwa kumtoa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye hasa anayehitaji hifadhi.

Kutoka kusimikwa hadi kuteuliwa

Kabla ya uhuru mamlaka ya Usukuma yalikuwa mikononi mwa watemi. Mtemi alisimikwa, chini yake walikuwapo banang'wa walioongoza maeneo madogo, na pembeni yao vyama vya vijana vilivyoongozwa na nsumba ntale, ambavyo kazi yake ilikuwa kulima kwa pamoja na kuitikia miito ya kijiji. Serikali ya Kiingereza iliuchukua muundo huo na kuufanya wake. Kwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 na ile ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, mtemi yule yule alikusanya kodi, akatoa amri, akakamata aliyeikaidi na akaketi katika baraza kumhukumu. Hans Cory, aliyekusanya sheria na mila za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953, aliandika kanuni ambazo kwa kiasi kikubwa zilikuwa zimekwisha kuishi ndani ya mfumo huo wa kikoloni kwa zaidi ya miaka 20.

Watu wa Geita waliwahi kuonyesha jinsi wasivyokubali kupewa mamlaka wasiyoyataka. Mwaka 1958 serikali ilipotaka kuwawekea baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, walilikataa, na maelfu yao wakatembea hadi Mwanza kupeleka malalamiko. Tukio hilo husimuliwa zaidi kama sehemu ya historia ya kudai uhuru. Katika mjadala huu lina maana nyingine: ni ushahidi kwamba katika ukanda huu uteuzi wa wenye mamlaka ulitazamwa kwa macho makali.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Utemi ulifutwa kisheria, na Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Sheria hiyo iliunganisha mahakama za nchi katika ngazi moja inayoanzia mahakama ya mwanzo, na ikaanzisha dhamana ya mlinzi wa amani. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa mlinzi wa amani kwa nafasi yake. Lakini sheria iliruhusu pia kuteuliwa kwa watu wasio mahakimu. Mamlaka yao yalihusu kuamuru kukamatwa kwa mshukiwa, kutoa hati za upekuzi, na kuhakikisha kwamba aliyekamatwa anafikishwa mahakamani. Kazi zilizokuwa mkononi mwa mtemi mmoja ziligawanywa kwa watu kadhaa, kila mmoja akiwa na karatasi yake ya uteuzi. Sheria ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya 1963, iliendeleza mpango huo.

Badiliko hilo lilikuwa la msamiati pia. Mtemi alisimikwa, na kusimikwa ni tendo la hadhara lenye ngoma na wazee. Mlinzi wa amani aliteuliwa, na kuteuliwa ni tendo la ofisini. Mwanakijiji hakuwapo, na mara nyingi hakupata habari. Kwa njia hiyo dhamana iliyobeba jina zuri kuliko zote ilibaki haina uso katika vijiji vingi.

Mwaka 1976

Umuhimu wa dhamana hiyo ulidhihirika kwa njia ya msiba. Mwaka 1976, baada ya wimbi la mauaji katika Mwanza na Shinyanga, ambamo wengi wa waliouawa walikuwa wazee walioshukiwa uchawi, vyombo vya dola viliendesha msako. Watu wengi walikamatwa. Walioshikiliwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowashika. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ili kubeba dhamana ya kisiasa ya mambo ambayo hakuyatenda. Maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani.

Kujiuzulu kwa waziri kumekumbukwa, kukawa mfano wa uadilifu unaotajwa hata leo. Kilichosahaulika ni kwamba sheria ilikuwa na kizuizi dhidi ya mateso ya aina hiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, jinsi ilivyotungwa mwanzoni, ungamo lililotolewa mbele ya polisi halikuweza kutumiwa mahakamani. Lililoweza kutumiwa ni lile lililotolewa mbele ya hakimu au mlinzi wa amani. Maana yake ni kwamba kati ya chumba cha mahabusu na kizimba cha mahakama iliwekwa meza moja, na nyuma ya meza hiyo mtu asiye askari. Mabadiliko ya mwaka 1980 yaliruhusu ungamo la mbele ya polisi pia, mradi limetolewa kwa hiari. Meza haikuondolewa, lakini kuipitia kukawa si lazima tena.

Kuzuka kwa walinzi wa jadi

Miaka miwili hivi baadaye mlinzi wa namna nyingine alitokea, na hakuteuliwa na mtu yeyote wa ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, wakulima na wafugaji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia bunduki, nyingi zikiwa zimesambaa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, waliunda vikosi vyao vya ulinzi. Vilienea haraka katika Shinyanga, Mwanza na Tabora. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyeifahamu Kahama tangu miaka ya 1950, ni miongoni mwa wataalamu wa mwanzo kuviandikia.

Majina yao yanasema mengi. Jina lililoenea ni sungusungu, wadudu weusi wa jamii ya siafu wanaotembea kwa wingi na kuuma kwa pamoja. Jina la pili, hasa upande wa Unyamwezi, lilikuwa basalama, yaani watu wa salama. Kwa maneno mengine, raia hao walijiita walinzi wa amani kwa lugha yao wenyewe, bila kuisoma sheria. Kiongozi wa kikosi aliitwa ntemi, miaka karibu 20 baada ya utemi kufutwa. Chini yake palikuwa na kamanda na katibu, vyeo vilivyotoka katika jeshi na katika chama. Silaha zilikuwa pinde na mishale. Wito wa hatari ulikuwa mwano, yowe linalopokewa kijiji hadi kijiji, ambalo asiyeliitikia hutozwa faini au hutengwa. Anayelinganisha mwano na Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ataona kwamba jamii mbili zilizo mbali kabisa zilifikia kanuni moja.

Jina la mlinzi wa jadi lilikuja kushika nafasi rasmi zaidi, nalo linataka tahadhari. Jadi ni mambo ya mababu, lakini chombo hiki kilizaliwa ndani ya vijiji vilivyoundwa kwa operesheni za miaka ya 1970, kikiwa na katibu na daftari. Kilichokuwa cha jadi ni viungo vyake: ntemi, mwano na nidhamu ya vyama vya vijana. Chombo chenyewe kilikuwa kipya. Neno jadi lilikipa heshima ya umri ambao hakikuwa nao. Tena liliiwezesha dola kukikubali bila kukiri kwamba polisi na mahakama zake zilikuwa zimeshindwa. Chama na serikali vilikiunga mkono, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yalikitambua, yakitaja sungusungu na wasalama kwa majina.

Mafanikio yake hayakanushiki: wizi wa ng'ombe ulipungua, na watu waliweza tena kulala. Wala madhara yake hayakanushiki. Mshukiwa alihojiwa usiku, mbele ya watu wengi, na mara nyingine kwa viboko. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambayo huenda yalitokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni, aliweza kuhesabiwa kuwa mchawi na asipate wa kumtetea, kwa kuwa waliomshtaki, waliomkamata na waliomhukumu walikuwa watu wale wale. Hapo jamii ilitafuta mhola kwa kumnyima mtu mmoja amani.

Maswali sita

Ni katika kulinganisha na hali hiyo ndipo kazi ya mlinzi wa amani inapoonekana kwa ukamilifu wake. Mwongozo wa Jaji Mkuu, ambao Mahakama ya Rufani iliukumbusha katika Rufaa ya Jinai Na. 367 ya mwaka 2008, unamtaka mlinzi wa amani asiandike ungamo kabla ya kuyapitia mambo sita. Yampasa kujua siku na saa mshukiwa alipokamatwa, mahali alipokamatiwa, mahali alipolala kabla ya siku ya kuletwa, kama kuna mtu aliyemshawishi kwa vitisho, ahadi au nguvu, kama kweli anataka kusema kwa hiari yake, na kama anaelewa kwamba atakayoyasema yaweza kutumiwa dhidi yake.

Swali la tatu ndilo linalogusa zaidi. Kumwuliza mtu alilala wapi ni jambo la kila asubuhi katika maisha ya Waafrika wa Mashariki, ambao huamkiana kwa kuulizana habari za usiku. Sheria imelichukua jambo hilo la ujirani na kulifanya chombo cha kupimia ukweli. Aliyelala mahabusu siku tisa akaletwa siku ya kumi amebeba usiku tisa ambao hauelezwi na karatasi yoyote. Mlinzi wa amani hatakiwi kujua kama mtu huyo aliua au hakuua. Anatakiwa kujua kama yuko huru kusema. Neno hiari, linalotumika kwa anayejitolea kulinda wenzake, ndilo linalotumika kwa ungamo. Mlinzi wa hiari husikiliza maneno ya hiari, na ikiwa hiari ya mmoja wao ni ya uongo, shughuli nzima huharibika.

Lugha tatu juu ya meza moja

Mshukiwa wa Shinyanga au Geita anaweza kuwa mtu aliyekulia katika Kisukuma na kukitumia Kiswahili sokoni tu. Maelezo yake huandikwa kwa Kiswahili. Kesi ya mauaji ilipofika Mahakama Kuu, kwa miongo mingi kumbukumbu zilichukuliwa kwa Kiingereza, hadi sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo tamko moja liliweza kuvuka mipaka miwili ya lugha kabla ya kufika mbele ya jaji.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika vitenzi viwili vya Kisukuma. Kutula ni kupiga. Kubulaga ni kuua. Mtu anayesema kwamba alimpiga mwenzake naye akafa ametaja matendo mawili, na kati ya hayo sheria inaweza kukuta kuua bila kukusudia. Mwandishi mwenye haraka anaweza kuyafupisha kuwa neno moja la Kiswahili, alimuua. Kufupisha huko ni jambo dogo katika daftari, lakini katika nchi ambayo adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kifo, ndiko kunakotenganisha mtu anayetumikia kifungo na mtu anayesubiri kitanzi.

Hata neno ungamo lenyewe si jepesi. Waumini wengi walilisikia kwanza kanisani, ambako anayeungama huondoka amesamehewa. Anayeambiwa kwamba amekuja kuungama mbele ya mlinzi wa amani anaweza kutarajia msamaha. Mwongozo unaposisitiza kwamba aonywe juu ya matumizi ya maneno yake, unarekebisha, pamoja na mambo mengine, kosa ambalo lugha yenyewe ingeweza kulisababisha.

Katika nchi ya dhahabu

Mambo haya yote hukazwa zaidi katika Geita. Dhahabu yake ilijulikana tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, katika Kahama, ukafuata mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, ikichukua na Wilaya ya Bukombe iliyokuwa ya Shinyanga. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, wanaohama kwa kufuata rashi. Habari ya dhahabu ikisikika, maelfu hukusanyika kwa siku chache, maduara yakachimbwa, karasha zikaanza kusaga, na mji ukatokea mahali palipokuwa na mihogo.

Katika mji wa namna hiyo mlinzi wa jadi hupoteza nguvu yake. Mwano huhitaji watu wanaojuana. Adhabu ya kutengwa haimwumizi mtu ambaye kesho atahamia rashi nyingine. Ukanda huu ndio ulioshuhudia pia, kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na imani za kutafuta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mdogo wa Bukombe. Hasira ya jamii katika kesi za aina hiyo ni halali kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo meza ya mlinzi wa amani inapohitajika zaidi. Ungamo lililopatikana kwa kipigo humpa mkosaji njia ya kushinda rufaa, au humwadhibu asiye mkosaji na kumwacha muuaji akiwa huru.

Katika miaka ya karibuni dhamana hii imewaangukia zaidi watendaji wa kata na maafisa tarafa, na Mahakama imekuwa ikiwapa mafunzo. Uamuzi huo umempa mlinzi wa amani uso unaojulikana kijijini. Lakini mtendaji ndiye pia anayehimiza michango, anayesimamia amri za halmashauri na anayeshirikiana na polisi katika ulinzi wa kata. Mwananchi aliyefikishwa kwake huenda asione tofauti kati ya mtu anayemwuliza leo alilala wapi na mtu aliyemdai mchango jana. Kwa njia ya mzunguko, baadhi ya kazi zilizotenganishwa mwaka 1963 zimekutana tena mkononi mwa mtu mmoja.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa haionyeshi kwamba mlinzi wa jadi alikuwa mbaya na mlinzi wa amani mwema. Kila mmoja alikosa alichokuwa nacho mwenzake. Mlinzi wa jadi alijulikana na kuaminiwa na watu wake, lakini hakuwa na kanuni ya kumkinga waliyemchukia. Mlinzi wa amani alipewa kanuni hiyo na sheria, lakini kwa muda mrefu watu hawakumjua, na pale walipomjua walimjua kwa kofia nyingine.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi katika jambo hili. Kumbukumbu za mahakama za mwanzo, zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1964, ni hazina ya lugha ambayo bado haijasomwa ipasavyo. Ndani yake mna sauti za watu ambao hawakuacha maandishi mengine. Fasiri zinazofanywa mezani pa mlinzi wa amani, kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili, zinastahili uchunguzi sawa na ule wanaopewa wafasiri wa mashairi. Nazo istilahi kama ungamo, hiari na amani zinafaa kuelezwa kwa mwananchi kabla hajakamatwa, kwa sababu baada ya kukamatwa muda huwa mfupi.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Dhamana ya mlinzi wa amani ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiye na mahali pa kupisha: amekamatwa, amechoka, na wote waliomzunguka wana nguvu kuliko yeye. Mtu huyo huhitaji walau mmoja wa kumwuliza alilala wapi, na kungoja jibu lake.